Kabla ya kuirudisha saa ya kompyuta, soma imekosea kwa kiasi gani

Kompyuta ya nyumbani inapowashwa na kudai kwamba leo ni tarehe 1 Januari ya mwaka uliopita zamani, wengi hufanya jambo lilelile: hubofya saa iliyo pembeni mwa skrini, hutazama simu, hupanga tarehe na dakika kwa mkono, kisha huendelea na shughuli zao. Kesho yake kosa liko palepale. Baada ya muda watu wa nyumba hiyo wanazoea, na saa ya kompyuta inaingia katika orodha ya vitu vibovu ambavyo mtu anaweza kuishi navyo. Ninapinga mazoea hayo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba saa hiyo haikuwekwa kwa ajili ya macho yetu tu. Mashine yenyewe huitegemea kuamua mambo mazito, yakiwemo ya usalama. Ya pili, ambayo ndiyo ninataka kuitetea kwa kirefu, ni kwamba kuipanga kwa mkono kabla ya kuichunguza kunafuta ushahidi. Saa ya kompyuta haikosei kiholela. Ikipotea kwa miaka ina chanzo chake, ikipotea kwa saa kamili ina chanzo kingine, na ikipotea kwa dakika chache ina kingine tena. Anayesoma ukubwa wa kosa kabla ya kugusa chochote ameshamaliza nusu ya matengenezo.

Kwanza ijulikane kwamba kompyuta ina saa mbili. Moja ni kifaa halisi kilichopo kwenye ubao mkuu, kinachoendeshwa na kipande kidogo cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Idadi hiyo ina sababu yake: ukiigawa kwa mbili mara 15 mfululizo unabaki na moja, kwa hiyo sakiti rahisi tu ya kugawanya inatosha kuigeuza mitetemo hiyo kuwa pigo moja la sekunde. Saa hii hutembea hata mashine ikiwa imezimwa, kwa nguvu ya betri ndogo ya duara ambayo katika kompyuta nyingi za mezani ni ya aina ya CR2032. Tarakimu hizo ni vipimo vyake, yaani upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2, na nguvu yake ni volti 3. Saa ya pili ni ya mfumo endeshi, iwe Windows au Linux. Hii huisoma ya kwanza wakati wa kuwaka, kisha hujihesabia yenyewe. Kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981 haikuwa na saa ya betri ya kiwandani, na mtumiaji aliulizwa tarehe na saa kila alipoiwasha. Ni toleo la AT la mwaka 1984 lililoleta saa yenye betri ndani ya ubao. Kwa maneno mengine, mtu anayepanga saa kila asubuhi ameirudisha kompyuta yake kwenye hali ya mwaka 1981, tena kwa kukosa kitu kinachouzwa kwa bei ndogo katika duka lolote la vifaa vya umeme.

Basi tuanze na kosa la miaka. Tarehe ikirudi nyuma kwa miaka kadhaa na kusimama mahali pamoja kila mashine inapowashwa, mara nyingi tarehe ya kwanza ya mwezi wa kwanza, betri imekwisha. Tarehe hiyo ni ile aliyoiweka mtengenezaji kama mwanzo wa kuhesabia pale ambapo ubao haukumbuki kitu. Dalili nyingine huja pamoja nayo: ujumbe kwenye skrini nyeusi unaosema mipangilio imepotea, au unaotaka mtu abonyeze F1 ili kuendelea. Kwetu Afrika Mashariki kosa hili ni la kawaida kuliko linavyostahili kuwa, na sababu zake zinaeleweka. Kompyuta nyingi zinazouzwa Kariakoo au katikati ya jiji la Nairobi ni za mtumba, zimefanya kazi ofisini Ulaya, Marekani au Dubai, na betri iliyomo ndani imekuja na umri wake. Zaidi ya hapo kuna desturi ya kuzima kila kitu kwenye soketi ya ukutani ukimaliza kazi. Kompyuta ya mezani iliyochomekwa huendelea kupata umeme kidogo hata ikiwa imezimwa, na umeme huo ndio huilisha saa. Ukizima ukutani, au umeme ukikatika, mzigo wote unahamia kwenye betri. Siilaumu desturi hiyo, kwa kuwa inalinda mashine dhidi ya umeme unaorudi kwa kishindo na inapunguza bili. Nasema tu kwamba mwenye kuifuata ajue betri yake itakufa mapema kuliko ya mwenzake, na aibadilishe bila kungoja iharibu mambo.

Kuibadilisha si kazi ya kuogopwa. Katika kompyuta ya mezani unachomoa waya wa umeme, unafungua ubavu kwa bisibisi, unagusa chuma tupu cha kasha ili umeme tuli wa mwilini ushuke, kisha unatafuta kile kiduara cha fedha kilicholala kwenye kikombe cha plastiki. Pembeni kuna kiulimi cha chuma. Ukikisukuma kidogo, betri inaruka yenyewe. Mpya inaingia upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Ukiwa na mita ya kupimia umeme, pima ya zamani: ikiwa imeshuka mpaka volti 2 na nusu, kazi yake imekwisha na huna haja ya kubishana na mtu. Kabla ya kuitoa, ikiwa bado ina uhai kidogo, piga picha kwa simu kurasa za mipangilio ya awali, ile inayofunguliwa kwa F2 au Delete mashine inapowaka, kwa sababu mpangilio wa jinsi diski inavyosomwa ukibadilika Windows inaweza kukataa kuwaka na watu wakadhani diski imekufa. Laptopu ni habari nyingine. Baadhi zina betri ya aina hiyo iliyovikwa plastiki na kuungwa kwa nyaya mbili, baadhi hazina kabisa na saa yake hutegemea betri kubwa, hivyo hapo fundi anafaa zaidi. Na kuna jambo ambalo sitalipita kwa haraka: betri iliyotolewa isiachwe mezani. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza koo vibaya ndani ya saa mbili, hata kama haina tena nguvu ya kuendesha saa. Ikitokea, mtoto apelekwe hospitali papo hapo.

Kosa la saa kamili ndilo linalowadanganya watu wengi zaidi, maana linatibika kwa macho na kubaki palepale kwa ndani. Chukua mfano wa mashine ambayo Windows yake imewekwa upya na fundi mwenye haraka. Windows ikiwekwa kwa mipangilio ya Kimarekani bila mtu kugusa ukanda wa saa, au saa za eneo kama simu nyingi zinavyoandika, mara nyingi hubaki kwenye ukanda wa Pasifiki wa Marekani na Kanada, ambao, saa zake zisiposogezwa mbele, uko saa 8 nyuma ya saa ya kimataifa, UTC. Sisi tuko saa 3 mbele yake. Tofauti ni saa 11. Mwenye mashine, Dar es Salaam au Mombasa, anaona saa haipatani na ya ukutani, anaipanga kwa mkono mpaka ifanane, anaridhika. Lakini kompyuta haihifadhi muda kama tunavyouona. Ndani ya mfumo endeshi inauhifadhi kwa UTC, kisha huongeza au kupunguza kufuatana na ukanda. Alipoiambia kwamba sasa ni saa nne asubuhi, yenyewe ilielewa kuwa ni saa nne asubuhi ya Los Angeles. Akituma barua pepe kwa programu iliyomo kwenye kompyuta hiyo, muhuri wa muda utasema UTC ni 18:00, na mpokeaji wa Nairobi ambaye mashine yake iko sawa ataona barua imeandikwa saa tatu usiku, usiku ambao haujafika. Kuna ishara nyingine isiyokosea: Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kompyuta iliyopo Tanga ikiruka saa moja katika siku hizo mbili, haina pepo. Inaishi kwa kalenda ya California.

Dawa ya kosa hilo ni kuchagua ukanda sahihi kwanza, na kugusa saa baadaye ikihitajika. Katika orodha ya Windows ukanda wetu umeandikwa kwa jina la Nairobi, na unawafaa Tanzania, Kenya na Uganda sawasawa. Wasomaji wa Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi wako saa 2 mbele ya UTC, Kinshasa ni saa 1, na Dubai, kama Muscat, ni 4, kwa hiyo mashine iliyonunuliwa Dubai na kupelekwa Bukavu itatofautiana na mahali ilipo kwa saa mbili kamili mpaka mtu aibadilishie ukanda. Hata mipaka hiyo si ya milele. Sudan Kusini ilihama kutoka saa 3 kwenda saa 2 tarehe 1 Februari 2021, na kompyuta ambayo haikupata masasisho ya mfumo iliendelea kuhesabu kwa hesabu ya zamani. Lingine la saa kamili linawahusu wanafunzi na mafundi walioweka Windows na Linux katika mashine moja. Linux kwa kawaida huiandika UTC katika saa ya ubao, Windows huiandika saa ya mahali ulipo. Kila mmoja anasoma maandishi ya mwenzake na kuyaelewa vibaya, na kwa kuwa sisi tuko saa 3 mbele ya UTC, kosa huwa ni saa 3 barabara: Windows ikiwashwa baada ya Linux inachelewa saa tatu, na Linux ikiwashwa baada ya Windows inatangulia saa tatu. Hapo unaweza kununua betri kumi na usipate nafuu. Kinachotakiwa ni kuifanya mifumo yote miwili ikubaliane kusoma saa ya ubao kwa UTC. Na kosa la saa 12 kamili ni jepesi kuliko yote: mtu amechanganya nusu mbili za siku alipokuwa anapanga. Kwa sisi tunaoanza kuhesabu siku alfajiri, nashauri onyesho la saa 24, ambalo halina nafasi ya kuchanganya 7 ya asubuhi na ya jioni.

Linabaki kosa la dakika. Kwatzi si kamilifu. Ikikosea sehemu 20 katika milioni, kiasi ambacho ni cha kawaida, saa itapotea karibu sekunde 1.7 kwa siku, yaani karibu dakika nzima kwa mwezi. Fuwele hizi pia hutengenezwa ziwe sahihi zaidi kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, na joto likipanda au kushuka kutoka hapo zinachelewa, jambo la kuzingatiwa na mwenye kompyuta katika chumba cha bati. Kwa hiyo saa ya ubao peke yake, hata ikiwa na betri mpya, lazima ilinganishwe na nyingine iliyo bora. Kazi hiyo imeshapatiwa ufumbuzi. Mwaka 1985 Mmarekani David Mills, ambaye baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Delaware na akafariki Januari 2024, alitoa maelezo rasmi ya NTP, utaratibu wa kompyuta kuulizana saa kupitia mtandao. Mashine yako hutuma swali, hukumbuka ilituma lini, hupokea jibu lenye saa ya seva, hupima safari nzima ya kwenda na kurudi ilichukua muda gani, kisha hulipa jibu fidia ya nusu ya safari hiyo. Hata kwa intaneti ya kawaida, usahihi unaopatikana unahesabika kwa sehemu za sekunde. Kosa la dakika chache linaloongezeka polepole maana yake huduma hiyo imezimwa, imezuiwa, au mashine haijawahi kukaa hewani muda wa kutosha. Betri inayokaribia kufa nayo huweza kuchelewesha saa kabla ya kuipoteza kabisa. Ukiona kuchelewa kunatokea usiku tu, mashine ikiwa imezimwa, anza kwa kuishuku betri.

Wapo watakaosema kwamba simu ziko mikononi mwa kila mtu, na simu haikosei, kwa hiyo saa ya kompyuta ina umuhimu gani? Simu haikosei kwa sababu mtandao wa simu huipelekea saa kutoka kwenye mnara. Kompyuta haina mnara. Na ninayemtetea hapa si mtazamaji. Kivinjari chako kinapofungua tovuti ya benki au ya kuombea mkopo wa masomo, hupokea cheti cha usalama chenye tarehe mbili, ya kuanza na ya kuisha, na hukilinganisha na saa ya mashine. Saa ikiwa nyuma sana, cheti halali kinaonekana hakijaanza kutumika. Ikiwa mbele sana, kinaonekana kimekwisha. Vyeti vya Let's Encrypt, ambavyo tovuti nyingi mno duniani hutumia, vimekuwa vikitolewa kwa muda wa siku 90. Maana yake, mashine iliyorudi nyuma kwa zaidi ya miezi mitatu itavikataa vyeti vya aina hiyo vyote bila kubakiza hata kimoja. Mtumiaji anaona onyo jekundu kila upande, na hapa ndipo hatari kubwa ilipo: anajifunza kulipuuza. Anabonyeza kuendelea leo, kesho, keshokutwa, mpaka siku anayokutana na tovuti ya kitapeli kweli, kidole kinabonyeza chenyewe. Nakubali kwamba si kila onyo hutokana na saa. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha msingi kilichotegemewa na vifaa vingi vya zamani kiliisha muda, na vifaa ambavyo havikuwa vimesasishwa vikafungiwa nje ya tovuti nyingi ingawa saa zao zilikuwa sahihi. Ndiyo maana saa irekebishwe kwanza. Ukishaiondoa katika washukiwa, onyo linalobaki linastahili kuogopwa.

Hoja nyingine, yenye nguvu zaidi, ni kwamba mashine itajirekebisha yenyewe ikipata intaneti. Ni kweli kwa makosa madogo. Kwa makubwa si lazima iwe hivyo. Huduma ya saa ya Windows, katika kompyuta isiyo sehemu ya mtandao wa ofisi, imewekewa kwa kawaida ukomo wa sekunde 54,000, ambazo ni saa 15: seva ikileta tofauti inayozidi hapo, huduma inakataa kuifuata, kwa kuhofia kwamba anayeijibu ni mdanganyifu. Mashine iliyorudi nyuma miaka mitano kwa betri iliyokufa inaweza basi kuunganishwa mchana kutwa na isirekebike, mpaka mtu aikaribishe kwenye tarehe sahihi kwa mkono, kisha abofye kitufe cha kusawazisha. Hapo tu ndipo mkono una kazi halali. Lakini kasoro kubwa ya hoja hiyo ni nyingine: NTP hubeba UTC peke yake. Haijui uko Mtwara au Manila. Ukanda ukiwa si sahihi, intaneti haitakuponya. Itachukua saa uliyoipanga kwa mkono ikapendeza, iifute, na kukurudishia kosa lilelile la saa 11, na mtu atasema mtandao ndio unaoharibu saa yake. Wengine kwa sababu hiyo huzima kabisa usawazishaji, wakaifunga njia pekee iliyokuwa inawaambia ukweli.

Kuhusu bando, hofu haina msingi. Swali la NTP lina baiti 48, na jibu lake ni baiti 48. Hata ukijumlisha bahasha za mtandao zinazoyabeba, mwaka mzima wa kuulizana saa hauwezi kufikia picha chache za WhatsApp. Wapo pia wanaoirudisha saa nyuma kwa makusudi ili programu ya majaribio ya siku 30 isiishe. Hao wanalipa kwa njia nyingine: programu ya kuzuia virusi haijui masasisho yake ni ya lini, namba za siri zinazobadilika kila sekunde 30 zinakataliwa ikiwa zimetengenezwa kwenye mashine hiyo, na faili za kazi zinapigwa mihuri ya uongo. Hili la faili ndilo linaloumiza kimyakimya. Mwanafunzi mwenye nakala mbili za tasnifu, moja aliyoiandika jana kwenye mashine yenye saa ya miaka ya nyuma, atapanga faili kwa tarehe na kuiona kazi ya jana chini kabisa, chini ya rasimu alizozitupa. Programu ya kuhifadhi nakala inayoamini tarehe inaweza kuifunika kazi mpya kwa ya zamani, na haitaonyesha onyo lolote kwa sababu kwa hesabu yake imefanya sawa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, saa ikikosea usiiguse kwanza. Chukua kalamu, andika kompyuta inasema nini na ukweli ni upi, toa tofauti, kisha fungua ukurasa wa tarehe na saa uangalie ukanda kabla ya jambo lolote. Ukiipeleka kwa fundi, mpe karatasi hiyo. Na siku unapokwenda kuichukua usitazame saa tu ukaridhika kwa kuwa inasoma vizuri. Mwambie akueleze ilipotea kwa nini, kisha aizime na kuchomoa waya wa umeme mbele yako, aiache dakika chache, aiwashe tena. Fundi asiyeweza kukujibu swali hilo hajamaliza kazi, na una haki ya kutomlipa mpaka aimalize.